Mtama Ulioonjwa Njiani

Wenzangu wa ofisi ya walimu, tangu nirudi mmeniuliza habari za safari kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mwalimu wa hesabu amesikia ya daraja, mwalimu wa kilimo amesikia ya Mchina, na mpishi wetu, ambaye hakuniuliza chochote, ndiye aliyesikia zote. Sasa mnabishana nani anasema kweli. Basi nimekaa chini nikaandika. Someni, kisha mniache nisahihishe madaftari.

Kwanza mjue kilichonitoa. Mama yangu anakaa Mabawe, kule Ngara, na kwetu Wahangaza mtama mpya hauliwi hivi hivi. Watoto waliokwisha kuwa na mashamba yao humpelekea mzazi mavuno ya kwanza, mzazi akaonja, ndipo wengine wote waruhusiwe kula. Huko ndiko kuganura. Ukitafuna hata punje moja kabla ya mzazi, umemtangulia, na bahati ya nyumba kwa mwaka mzima umeikalia wewe. Mtanicheka, mimi mwalimu niliyesoma sayansi. Chekeni. Nilipokuwa msichana nilicheka pia.

Mimi ni kifungua mimba wa mama. Baba alifariki, na mavuno matatu yamepita tangu hapo. Mwaka juzi sikwenda, nilisingizia mitihani. Mwaka huo huo mbuzi wa mama wakafa, na Deo, mdogo wangu wa kiume, akaumwa mpaka tukamwita padre. Mama hakunilaumu. Hakusema kitu kabisa, na afadhali mama anayegomba kuliko mama asiyesema kitu.

Mwaka huu Deo yuko vitani. Kampala imekwisha kuanguka, wenzake wengine wameanza kurudi, yeye hajaonekana, na barua yake ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa pili. Ndipo ujumbe wa mdogo wangu Veneranda, anayekaa na mama, ukanifikia kwa mdomo wa mtu aliyekuja kutafuta chumvi. Mtama wa nyumbani umevunwa, umekauka, uko ghalani. Chakula cha zamani kimekwisha. Watoto wake watano wanakunywa uji wa muhogo asubuhi na jioni, na mama amekataa mtu asiguse ghala mpaka mtama wangu ufike. Alisema mwaka huu, Deo akiwa huko aliko, hakuna kuruka mtu.

Kwangu nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Debe la mtama mwekundu, wa shamba langu la nyuma ya nyumba, lilikaa chumbani wiki tatu, na mume wangu akilipita kila siku akikohoa. Jumanne asubuhi nikalimimina kwenye gunia dogo, nikalishona mdomo, nikaondoka.

Biharamulo mjini: kungoja

Basi la Ngara lilikuwa halijaonekana kwa majuma mengi. Magari mazima yalikuwa yamechukuliwa na vita, na yaliyobaki hayakuwa na mafuta. Nilikaa chini ya ukuta wa boma la Wajerumani siku nzima nikinywa chai ya rangi bila sukari, maana sukari ilikuwa hadithi. Mama muuza chai aliweka kipande cha muwa pembeni ya kikombe. Ukinywa funda, unang'ata muwa. Si mbaya.

Hapo ndipo nilipomwona Bwana Higa, huyo mnayemwita Mchina. Alikaa juu ya sanduku la chuma, akila karanga za kukaanga kwa vijiti viwili vyembamba, punje moja moja, bila kuangusha hata moja. Watu kama thelathini walikuwa wamesimama kumtazama. Alipomaliza wakapiga makofi, naye akainama kuwashukuru.

"Mchina huyu ana subira," alisema muuza chai.

"Mimi si Mchina," Bwana Higa akajibu kwa upole, kwa Kiswahili cha kitabuni. "Mimi ninatoka Okinawa. Ni visiwa. Ni Japani, lakini si Japani sana."

Muuza chai akamwambia asihuzunike, Wachina ni watu wazuri.

Alikuwa fundi wa pampu za maji katika vijiji vya ujamaa, na alikuwa anakwenda Murukulazo kutazama pampu iliyokwama. Alinisalimia, akauliza mbona gunia langu nimelipakata badala ya kuliweka chini kama watu wengine. Nilimjibu kwa kifupi kwamba ni la mama. Nilikuwa nimechoka na sikutaka maswali ya wageni.

Siku ya pili, saa nne, likapita trekta la misheni likivuta tela la mbao, likielekea Lusahunga. Dereva alituonya kwamba halina spidi. Alisema kweli. Kuna mbwa alitufuata kutoka mjini akatuchoka, akatangulia.

Biharamulo hadi Lusahunga: habari za bahati

Njia ile ni pori, na pori lile ni la mbung'o. Wanauma juu ya nguo kana kwamba hujavaa. Tulivunja matawi tukawa tunajipigapiga migongo, mimi nikimpiga Bwana Higa na yeye akinipiga mimi, na baada ya kupigana saa nzima watu hawawezi kubaki wageni. Nikamweleza habari ya gunia.

Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwao mavuno nayo yana sikukuu. Watu huomba kitu wanachokiita yugafu, yaani mwaka wa shibe. "Bahati haitengenezwi na mtu," alisema. "Inatoka mbali. Ng'ambo ya bahari kuna nchi, jua linakotoka. Bahati inakaa huko. Kila mwaka inakuja, sisi tunaipokea."

"Sisi hatuna bahari," nikamwambia. "Kwetu bahati iko kwa mama. Unampandishia mavuno, naye anakuteremshia baraka. Haitoki kwa mgeni."

"Lakini nyinyi mnasema mgeni njoo mwenyeji apone."

Nilikasirika kidogo, maana methali ile nimeifundisha darasani miaka tisa bila kuifikiria hata siku moja. Nikampiga tawi la mgongo, ingawa hapakuwa na mbung'o.

Baadaye alitoa mfukoni kitambaa cha mkono, kimekunjwa vizuri, kimefifia rangi. Alisema ni cha dada yake. Kwao, kaka akisafiri baharini au akienda vitani, dada ndiye kinga yake. Si mke, si mama. Dada. "Dada ni bahati ya kaka," alisema. Hakujua kwamba mimi nina Deo. Sikumwambia wakati ule. Nilishika gunia kwa mikono miwili mpaka Lusahunga.

Lusahunga hadi Nyakahura: kizuizi

Tulilala Lusahunga kwa mjane mmoja aliyetupa viazi vitamu na samaki mkavu, na alfajiri tukapata lifti ya gari la mbao hadi karibu na Nyakahura. Hapo kulikuwa na gogo limelazwa barabarani, na pembeni mgambo mmoja, mzee wa makamo ya marehemu baba, kofia ya kaki, kichwa chini yake cheupe kwa mvi. Gari la mbao lilikata njia ya msituni likatuacha. Tukabaki sisi na gogo.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwarimu." Alikuwa Msubi, na kwake r na l zilikuwa zinabadilishana zamu. "Na huyu Mchina?"

"Mimi si Mchina," alisema Bwana Higa.

Nilimkanyaga mguu. Wakati wa vita, Mchina ni rafiki anayejulikana. Mtu asiye Mchina mwenye sura ile ni mtu gani? Mgambo akamzunguka mara mbili. Akaangalia karatasi zake kwa makini, kisha akamwangalia kwa huruma.

"Ungekubari tu kuwa Mchina, ndugu. Ungeshapita."

"Siwezi, mzee. Baba yangu atasikia vibaya."

Jibu hilo lilimpendeza mzee, lakini halikututoa pale. Tulikaa saa tatu. Tulieleza visiwa, tulichora bahari kwenye vumbi, Bwana Higa akafungua sanduku akaonyesha spana moja moja na kazi yake. Mwishoni mzee akaridhika na spana. Ndipo akageukia gunia langu.

"Fungua, mwarimu."

"Ni mtama, mzee."

"Wote wanasema ni mtama. Juzi mtu arisema maharage, chini kukawa na kahawa ya magendo, inakwenda Burundi."

Nikakata uzi. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini, hakukuta kahawa. Akautoa mkono na kiganja kimejaa. Akautazama mtama, akaunusa, na kabla sijafungua mdomo akautupia kinywani.

"Mtamu," alisema akitafuna. "Tena mpya. Unaupereka wapi?"

"Mabawe. Ninakwenda kumganuza mama."

Taya lake likasimama. Wasubi nao wana desturi hiyo, haikuhitaji kuelezwa. Aligeuka upande, akatemea kiganjani kilichobaki, akasimama nacho hajui akifanyeje, kwa sababu mtama wa namna ile hautupwi barabarani. Mwishowe akakitia mfuko wa shati. Akavua kofia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenipa nafasi, mzee?"

Nililia, sitawaficha. Nililia kwa hasira, nimesimama katikati ya barabara kama mtoto aliyemwaga maziwa. Wiki tatu nimewakataza watoto wangu wasiguse, siku tatu nimelipakata gunia, na wa kwanza kuonja amekuwa mtu wa kizuizini. Nilimfikiria Deo. Nilifikiria watoto wa Veneranda na uji wao. Nilitamani kurudi nyumbani.

Mzee aliningoja nimalize. "Mimi ni Kagoma," akasema. "Nina watoto sita. Hata mimi mwaka huu sijaonja, nangoja mkubwa wangu arete. Kwa hiyo nimejiharibia na mimi. Mwambie mama yako jina rangu, asije akafikiri ni mtu tu." Kisha akaenda kusimama juu ya gogo lake, na lori la kwanza lililotokea, la maharage ya kwenda Rulenge, lenye abiria ishirini juu yake, akalisimamisha. Akamwambia dereva kwamba mwalimu na fundi wanapanda mbele, kwenye kiti, na kwamba kama hataki, atayahesabu maharage yote punje kwa punje. Tukapanda mbele.

Ndani ya lori Bwana Higa alianza, "Labda yule mzee ndiye bahati inayotoka mbali..." Nikamwambia anyamaze.

Nyakahura hadi Rulenge: kamba ya Masanja

Dereva aliitwa Masanja, Msukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa anasifia lori lake, kwamba halijawahi kumlaza njiani, tulipofika kwenye daraja la magogo. Malori ya jeshi yalikuwa yamelitafuna. Tairi la mbele likapita, la nyuma likazama katikati ya magogo mawili, na lori likainama kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Watu walishuka. Masanja akatoa kamba nene ya katani, mpya, tukaifunga mbele, tukavuta. Kila mtu alivuta kwa wakati wake. Wanawake waliokuwa wanawahi soko la Rulenge walivuta wakigombana na wanaume, wanaume walivuta wakitoa amri, na lori likatutazama. Tukavuta mpaka saa saba. Jua lilikuwa kali, na mimi moyoni nikasema, hii ndiyo bahati uliyoikalia, Skola.

Bwana Higa akafungua kamba kwenye lori. Akaomba watu wajigawe makundi mawili, wavutane wao kwa wao.

"Jua limemwingia kichwani," alisema Masanja.

Akaeleza. Kwao wakati wa sikukuu kijiji hugawanyika mashariki na magharibi, watu mamia kwa mamia, wakavuta kamba nene kuliko mtu. Hawavutani kwa ugomvi. Wanaiita bahati ije, na haiji kwa watu wanaovuta kila mmoja kivyake. Sijui ni wangapi walioelewa. Lakini mama mmoja mnene, muuza vitunguu, alikuwa amekwisha kuelewa jambo moja, kwamba anaruhusiwa kuwavuta wanaume. Akafunga kanga kiunoni.

Wanawake upande wa Rulenge, wanaume upande wa Nyakahura. Mara ya kwanza tulichekana tukaanguka. Mara ya pili yule mama akaanzisha wimbo wa kulimia, miguu ikapata mwendo mmoja, na tukawavuta wanaume wote, Masanja akiwa wa mwisho, mpaka wakaingia majanini. Tulipiga vigelegele pori likaitika. Mara ya tatu hatukuvutana. Tulirudisha kamba kwenye lori, tukaimba wimbo ule ule, wanaume na wanawake pamoja, na lori likatoka shimoni kwa mvuto mmoja. Nilikuwa nimechubuka viganja na nimesahau kulia.

Masanja alikuwa bado anatushukuru alipogeuka akamkuta Bwana Higa na kisu, anakatakata kamba. Kwao, sikukuu ikiisha, kila mtu huchukua kipande cha kamba akakiweka nyumbani kuwa bahati. Alikuwa amekwisha kugawa vipande kumi na viwili. Wengine walivipokea kwa ncha za vidole wakidhani ni dawa. Muuza vitunguu alipima chake kwa mkono akasema kinatosha kufungia mbuzi.

"Bahati ya watu wote imetoka kwenye kamba yangu," alisema Masanja. Alisema hivyo mara nyingi sana kabla hatujafika Rulenge. Lakini nilimwona, alipodhani hatumtazami, akitundika kipande chake juu ya usukani.

Mto Ruvubu

Tulilala kwa masista wa Rulenge, tukala ndizi na maharage, na kesho yake, siku ya Ijumaa, gari la zahanati likatufikisha mtoni. Kivuko kilikuwa kimeharibika. Kulikuwa na mtumbwi wa gogo na mwenye mtumbwi, mtu mkavu asiyependa maneno.

"Gunia au sanduku," alisema. "Vyote viwili havipandi. Viboko wako pale."

Viboko walikuwa pale kweli, masikio juu ya maji. Bwana Higa aliketi juu ya sanduku lake. "Mama kwanza," akasema. Nilivuka nimelilaza gunia tumboni, nimelifunika kwa kanga, nikisali rozari kwa haraka isiyofaa. Mwenye mtumbwi alirudi kumchukua Bwana Higa, na katikati ya mto, kiboko mmoja alipozama, nilimsikia Bwana Higa akiimba kwa lugha yake. Alipofika nilimwuliza alikuwa anamwimbia nani. Alisema anamwimbia kiboko.

Hapo njia zetu zilipaswa kuachana. Lakini alisema pampu ya Murukulazo imemngoja miezi minne, itamngoja na siku moja zaidi. Alitaka kuona bahati inavyokaa kwa mama.

Ngara hadi Mabawe: uongo niliouandaa

Kutoka Ngara mjini tulitembea. Mnaojua vilima vyetu mnajua. Ukishuka kimoja kingine kinakungoja. Tulipita migomba na mibuni, watu wakatusalimia kwa Kihangaza, na Bwana Higa akamwinamia kila mtu mpaka nikamwambia atachelewesha mtama.

Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nani angejua? Gunia nimelishona upya kwa uzi wa masista. Mama angeonja, watoto wangekula, mwaka ungeanza. Niliupanga vizuri, mwalimu nisingekosa kupanga. Shida ni kwamba kila nilipofika mwisho wa uongo wangu nilimkuta Deo amekaa hapo. Kama baraka yake ingejengwa juu ya uongo wa dada yake, ingemfaa nini? Na kama ningesema kweli, mama akakataa mtama, watoto watano wangeendelea kunywa muhogo kwa sababu yangu. Sijawahi kupanda mlima mrefu kama ule wa mwisho wa Mabawe, na ni mlima mdogo.

Kwa mama

Walituona kutoka mbali. Veneranda alikuja mbio akanipokea gunia, watoto wakamzunguka, wamekonda, macho yote yakiwa kwenye gunia. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha. Jiwe la kusagia lilikuwa tayari limeoshwa. Nilimpigia magoti, akanishika uso kwa mikono miwili. Akamtazama mgeni, akamwuliza Veneranda kama Mchina amepewa maji. Bwana Higa hakusema chochote. Nadhani kwa mama hata yeye alikubali.

"Lete," mama akaniambia.

Alisema kwa Kihangaza, kama yote yanayofuata. Ninayaandika kwa Kiswahili. Nilimpokea Veneranda gunia, nikashindwa kuliachia.

"Mama, si wa kwanza," nikasema. "Umeonjwa njiani."

Nilisema yote. Kizuizi, mkono mpaka kwenye kiwiko, kiganja kimoja, jinsi alivyotema, na mfuko wa shati. Veneranda alikaa chini taratibu. Mtoto wake mdogo akaanza kulia, akanyamazishwa. Mama hakusema kitu, na mimi nikajua tumekwisha, kwa sababu kunyamaza kule nilikuwa nakujua.

"Anaitwa nani?" akauliza mwishoni.

"Kagoma."

"Ni kijana?"

"Ni mtu mzima, mama. Kichwa kizima kina mvi."

"Ana watoto?"

"Sita."

"Alimeza kiasi gani?"

"Nusu labda. Nusu aliitema."

Mama alipapasa mkeka pembeni yake, upande wa kulia, mahali ambapo sasa hapakai mtu. "Baba yako alipokuwapo," akasema, "ni nani alikuwa anaonja kwanza?"

"Baba."

"Na mimi?"

"Wa pili."

"Miaka hii nimekuwa naanza mimi. Unaletwa mtama, naanza mimi, peke yangu, kama mtu asiyewahi kuwa na mwenzake. Kila mwaka unanikwama hapa." Akagusa koo. "Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwanamke mzima nalalamika kwamba ninapewa kwanza." Akacheka kidogo, na machozi yakamtoka, ya kwanza ninayoyaona tangu tulipomzika baba. "Sasa mwaka huu, mtu mzima mwenye mvi na watoto wake ameketi barabarani, ameonja kabla yangu, na wala hakuombwa. Nimerudi kuwa wa pili. Lete mtama wangu, Skola."

Nilimpa. Punje zikamwagika kwenye mkeka, na watoto wakaziokota moja moja wakazirudisha, hakuna aliyezila. Mama akasaga mwenyewe. Veneranda akasonga ugali mwekundu, mtama wangu na wao umechanganywa, akaleta na maziwa. Mama akamega, akachovya, akakaa na tonge mkononi.

"Kama mzee yule alivyokula njiani kwa mtoto wangu," akasema, "na mtoto wangu alishwe njiani na wazazi wa watu. Deo ale huko aliko, arudi." Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Halikukwama.

Vigelegele vya Veneranda vilisikika hadi kilima cha pili, maana majirani walianza kuja na vyungu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla mama hajamega tonge la pili. Walimwuliza Bwana Higa anatoka wapi, akawaambia habari za visiwa, na za bahati inayotoka mbali, jua linakotoka. Akaonyesha kwa mkono. Mama akautazama ule mkono ulikoelekea.

"Anasema kweli," akasema. "Biharamulo iko huko. Skola ametoka huko."

Nilitaka kubisha, lakini kwa kuwa baada ya mzazi anafuata kifungua mimba, sahani ilikuwa imekwisha kufika mbele yangu. Mimi niliyelala nyumba moja na debe la mtama wiki tatu nzima nilikuwa sijauonja. Nilikula. Watoto wa Veneranda walikula, wakaongezwa, wakala tena, na mdogo akalala na tonge mkononi. Bwana Higa aliweka vijiti vyake mfukoni akala kwa mkono kama sisi, maziwa yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mimi sikutazama mtu. Nilikula mpaka Veneranda akanisogezea sufuria nzima akaniuliza, kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie: "Kwani dada, huko Biharamulo hamupikagi?"